Chumvi, Milango na Hisabati ya Ubongo

Ikiwa wewe ni miongoni mwa wale wanaolifunga daftari la Hisabati kwa furaha kengele inapolia ili walifungue la Bayolojia, au kinyume chake, basi keti tuzungumze. Hapa shuleni masomo haya mawili ni kama majirani wa ua mmoja wasiosalimiana. Mwalimu wa Bayolojia huuchora ubongo ubaoni kwa chaki za rangi, akatueleza, akaufuta. Dakika arobaini baadaye huingia mwalimu wa Hisabati, akaandika mlinganyo palepale ubongo ulipokuwa, wala hakuna anayeuliza kama vitu hivi viwili vinajuana. Mimi nimeuliza. Sikuuliza kwa sababu ya kupenda vitabu, la hasha! Nimeuliza kwa ajili ya mdogo wangu wa kike, ambaye ana kifafa.

Kwetu ni Takaungu, katika kaunti ya Kilifi. Mdogo wangu alianguka mara ya kwanza akiwa na umri wa miaka tisa, jioni, akiwa amebeba sahani za chakula. Tangu hapo akawa anaanguka mara mbili, mara tatu kwa mwezi. Nyanya akasema ni nyuni. Jirani mmoja akatushauri tusiliguse povu lake, eti ugonjwa unaambukiza. Na shule aliyokuwa akisoma, ambayo sitaitaja, ikamwambia mama amweke nyumbani “mpaka apone”. Muhula mzima mtoto yule alikaa barazani akiwatazama wenzake wakipita na mabegi. Kifafa hakiambukizi, ndugu zangu, si kwa povu wala kwa kikombe. Na kwa vile nimeshika kalamu, niseme na hili: ukimwona mtu ameanguka, mlaze kwa ubavu, mwondolee vitu vya kumwumiza, hesabu dakika, na usimtie kijiko mdomoni kamwe. Zikipita dakika tano bado anatikisika, mkimbizeni hospitali.

Hatimaye alipelekwa kliniki akaandikiwa vidonge vya kabamazepini, asubuhi na jioni. Anguko likapungua, kisha likakoma. Miezi kumi ikapita shwari. Hapo ndipo ubishi ulipozuka nyumbani. Ami, ndugu yake baba, ambaye ni mvuvi na neno lake nyumbani ni zito, akasema: “Mtoto amepona. Vidonge vya nini tena? Mnamlisha sumu bure.” Mama hakumjibu, lakini nilimwona anavyohesabu nauli ya kwenda kliniki kila mwezi. Swali likabaki hewani: kitu kikinyamaza, je, kimekwisha?

Swali hilo nilirudi nalo shuleni.

Mwalimu wetu wa Bayolojia alinipa kitabu kikubwa na kuniambia nianze na seli moja ya neva, yaani nyuroni, kabla ya kuukimbilia ubongo mzima wenye nyuroni takriban bilioni 86. Shauri jema hilo. Nyuroni moja, kumbe, ni jambo la chumvi. Nje ya seli kuna sodiamu nyingi, ndani kuna potasiamu nyingi, na kati yao kuna ngozi nyembamba. Seli ikiwa imetulia, ndani yake kuna umeme hasi wa takriban milivolti 70 kuliko nje. Ujumbe ukiisukuma vya kutosha, hali hubadilika ghafla: milango ya sodiamu hufunguka, sodiamu humiminika ndani, umeme huruka juu, kisha milango ile hujifunga na potasiamu hutoka kurudisha utulivu. Mambo yote hayo huchukua kama elfu moja ya sekunde. Tunasema nyuroni imefyatuka. Kuwaza kwako, kusoma kwako makala haya, hata kule kupiga miayo wakati wa prepu, kote kumejengwa juu ya mifyatuko ya namna hiyo.

Sasa nani aliyajua hayo, na aliyajuaje? Hapa nilifurahi kama mtoto wa pwani, kwa sababu jibu ni ngisi. Naam, ngisi yuleyule tunayemkaanga kwa ndimu. Ngisi ana uzi mmoja wa neva mnene ajabu, upana wake unaweza kukaribia milimita moja, ilhali nyuzi zetu sisi hupimwa kwa sehemu za elfu za milimita. Uzi huo ni mnene kiasi kwamba mtu mwenye mkono mtulivu anaweza kuingiza waya mwembamba ndani yake. Waingereza wawili, Alan Hodgkin na Andrew Huxley, walifanya hivyo huko Plymouth mnamo 1939. Wiki chache baadaye vita vikuu vikalipuka na kazi ikasimama kwa miaka.

Waliporudi kwa ngisi wao baada ya vita, walipima kwa makini namna sodiamu na potasiamu zinavyopita umeme unapobadilika, na mwaka wa 1952 wakachapisha milinganyo. Hebu nieleze kwa lugha ya mtaani, maana mlinganyo wenyewe ukiuona utakimbia. Walidhani, kwa hesabu tu, kwamba njia ya sodiamu ina vibao vitatu vinavyofunguka upesi na komeo moja linaloanguka polepole. Vibao vyote vitatu vikiwa wazi na komeo likiwa juu, sodiamu inapita. Komeo likianguka, hakuna kupita hata vibao viwe wazi vipi, mpaka liinuliwe tena. Vibao wakaviita m, komeo wakaliita h. Njia ya potasiamu wakaipa vibao vinne, wakaviita n. Ongeza umeme wenyewe, basi una vigeugeu vinne vinavyosukumana, na kutokana na msukumano huo nyuroni inafyatuka yenyewe kwenye karatasi.

Lakini kukokotoa si mchezo. Tarakilishi ya Chuo Kikuu cha Cambridge ilikuwa imefungwa kwa miezi sita ili ifanyiwe marekebisho. Huxley akachukua mashine ya hesabu ya kuzungushwa kwa mkono, kama mtu anayesaga kahawa, akazungusha kwa muda wa wiki tatu hivi ili kupata mfyatuko mmoja tu unaosafiri kwenye uzi wa neva. Sisi tukipewa maswali kumi ya Hisabati mwishoni mwa wiki tunalia! Hesabu yake ilisema ujumbe utasafiri mita 18.8 kwa sekunde. Kwenye ngisi mwenyewe ulipimwa mita 21.2. Tofauti ipo, lakini fikiria umbali kati ya karatasi na samaki.

Jambo lililonikalisha kitako ni hili. Mwaka ule wa 1952 hapakuwa na mtu aliyekuwa ameuona mlango wowote. Vibao na komeo vilikuwa herufi tu. Hodgkin na Huxley wenyewe waliwaonya wasomaji wao kwamba kupatana kwa hesabu na vipimo si ushahidi kuwa ndani ya seli mambo ndivyo yalivyo. Walipewa tuzo ya Nobel mwaka wa 1963, wakishirikiana na John Eccles. Mnamo 1976 Wajerumani wawili, Erwin Neher na Bert Sakmann, wakapata njia ya kupima umeme unaopita katika mlango mmoja pekee. Kisha mwaka wa 1998 Roderick MacKinnon wa Marekani akaonyesha umbo la mlango wa potasiamu wa bakteria, na ulikuwa umeundwa kwa vipande vinne vinavyofanana. Vinne! Sitaki kupiga chuku, maana ile nne ya 1952 ilichaguliwa kwa sababu iliafikiana na vipimo, wala si kwa ufunuo. Hata hivyo niliposoma hapo niliweka kitabu chini nikatembea kidogo.

Na kabamazepini je? Hapa ndipo daftari zangu mbili zilipokutana. Dawa hiyo ilitengenezwa Uswisi mwaka wa 1953, mwaka mmoja tu baada ya milinganyo ile, na waliofanya kazi hizo mbili hawakuwa pamoja. Baadaye ilibainika inavyofanya kazi: hushikamana na mlango wa sodiamu komeo likiwa limeanguka, na kulichelewesha lisiinuke upesi. Nyuroni inayofyatuka kwa utaratibu wa kawaida haisumbuliwi sana. Ile inayotaka kufyatuka mfululizo kama bunduki ndiyo inayokuta mlango bado umefungwa. Yaani kidonge cha mdogo wangu kinaishika herufi h. Mwanafunzi akiniuliza tena “hii Hisabati itanisaidia nini maishani?” nitamwonyesha kile kidonge.

Najua wengine mnangoja nizungumzie akili unde, kwa kuwa siku hizi kila mtu anataja “mitandao ya neva” ya tarakilishi. Nitapita upesi, si kwa dharau. Ni kwamba barabara ile ilichepuka mapema. Mwaka wa 1943, huko Chicago, Warren McCulloch, daktari, na Walter Pitts, kijana wa miaka 20 asiyekuwa na shahada yoyote, waliandika kwamba nyuroni inaweza kuchukuliwa kuwa kitu kinachojumlisha: jumla ikifika kizingiti, jibu ni moja, isipofika, jibu ni sifuri. Wakatupa chumvi, wakatupa milango, wakabakisha kujumlisha. Mwaka wa 1958 Frank Rosenblatt akatoa kielelezo ambacho kilijifunza kwa kurekebisha uzito wa kila kiungo. Waliosoma ubongo hawakuachwa nyuma kabisa. David Hubel na Torsten Wiesel walichunguza macho na ubongo wa paka kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950, na Mjapani Kunihiko Fukushima akautumia ujuzi huo kutunga mtandao wake wa kutambua maumbo mnamo 1980. Mwaka wa 1986 David Rumelhart, Geoffrey Hinton na Ronald Williams wakaeneza njia ya kusahihisha mtandao kutoka mwisho kurudi mwanzo, na mwaka wa 2024 Hinton na John Hopfield wakapewa Nobel ya Fizikia.

Hayo ni makubwa, sikatai. Lakini tuelewane. Nyuroni ya akili unde haina komeo, haina kuchoka, na mara nyingi haina hata saa ndani yake. Imebakisha kile kilichohitajika ili kujifunza, ikaacha mengine. Mtu akiniambia tarakilishi ya aina hiyo ni ubongo, namwambia: basi nionyeshe inavyougua kifafa. Mfano wa hisabati ni kama ramani. Ramani ya matatu haikuonyeshi mikondo ya maji ya mlango wa bahari, na nahodha akiitegemea atapanda mwamba. Mimi nilihitaji ramani yenye muda na yenye kizingiti, lakini isiyonitaka nizungushe mkono wiki tatu.

Ipo. Chanzo chake ni Mfaransa Louis Lapicque, aliyejaribu neva za chura mwaka wa 1907. Hii hata sisi wa kidato cha nne tunaiweza, tena kwa kalkuleta ya shule. Chukua ndoo iliyotoboka. Kila hatua inapoteza sehemu moja ya kumi ya maji yaliyomo, kisha inaongezewa 2. Maji yakifika 15 ndoo inapinduka, inabaki sifuri, inaanza upya. Huko kupinduka ndiko kufyatuka. Anza na sifuri: 2, kisha 3.8, kisha 5.42, kisha 6.88. Endelea mwenyewe. Hatua ya 13 utakuwa na 14.92, na hatua ya 14 utapata 15.42, ndoo inapinduka. Mwalimu wa Hisabati alipoona daftari langu alicheka akasema, “Kijana, hii si ni geometriki progreshoni niliyowafundisha mwaka jana mkisinzia?” Ni yenyewe. Ndoo isiyopinduka ingejongea kuelekea 20 na isingeivuka.

Sasa punguza kinachoingia kiwe 1.4 badala ya 2. Dari ya ndoo inakuwa 14, chini ya kizingiti. Ndoo haitapinduka leo, wala kesho, wala mwaka ujao. Anayeitazama kutoka nje haoni lolote, atasema imepona. Lakini hebu chungulia ndani: hatua ya 40 ina 13.79. Imejaa karibu na ukingo, na maji bado yanaingia kila hatua. Katika hatua hiyo nikarudisha 2 ghafla, kama mtu anayetupa vidonge baharini. Ikawa 14.41, kisha 14.97, kisha 15.48. Hatua tatu! Ndoo iliyoanza tupu ilihitaji 14. Kimya kingi kina mshindo mkuu, walisema wa kale, nami nimeuona mshindo huo kwa penseli.

Tafadhali msininukuu vibaya. Ndoo si ubongo, na ile 1.4 si kipimo cha dawa yoyote. Madaktari wanajua kwa uzoefu wao kwamba kuziacha dawa za kifafa ghafla kunaweza kuleta anguko baya kuliko la mwanzo, tena lisilokoma kwa haraka, na sababu zake mwilini ni zaidi ya ndoo yangu. Ndoo ilinisaidia kwa jambo moja tu: kuona kwamba “haianguki” na “hakuna kinachoingia” ni sentensi mbili tofauti.

Nyuroni moja, hata hivyo, haifanyi kifafa. Kifafa ni nyuroni nyingi kufyatuka kwa pamoja kupita kiasi. Kwa hivyo nikaweka ndoo mbili, A na B, zote zikiongezewa 2. Sheria mpya: moja ikipinduka, inammwagia mwenzake 3. Nikaanza A ikiwa 0 na B ikiwa 8, yaani hazilingani kabisa. Hatua ya 9 B ikafika 15.35, ikapinduka. Wakati huo A ilikuwa 12.25. Ikapokea 3, ikawa 15.25, nayo ikapinduka papo hapo! Zote mbili sifuri. Kuanzia hapo zinapanda pamoja, zinapinduka pamoja, kila hatua 14, kama wanajeshi kwenye gwaride. Hakuna aliyewaamuru. Nilisoma baadaye kwamba Renato Mirollo na Steven Strogatz walithibitisha mwaka wa 1990 jambo la namna hii kwa kundi la idadi yoyote ya vitu vinavyofanana na kusukumana vyote kwa vyote: karibu popote utakapoanzia, vitaishia kwenda sambamba. Wao walikuwa wakifikiria vimulimuli vinavyometameta kwa pamoja usiku, na seli zinazoupigisha moyo. Kifafa hakikuwa hoja yao, na ubongo halisi haufungamani vyote kwa vyote.

Ubongo una jambo jingine pia: seli zinazotuliza. Kazi yake ni kuwapunguzia wenzake badala ya kuwaongezea. Ndizo zinazosaidiwa na fenobabitali, dawa ya zamani ambayo daktari Mjerumani Alfred Hauptmann aliitangaza kwa kifafa mwaka wa 1912 na ambayo bado inatumika. Katika ubongo hizo ni seli za kando, lakini mimi daftari langu lina ndoo mbili tu, basi nikabadilisha sheria: anayepinduka anampunguzia mwenzake 3. Nikaanza tena na 0 na 8. Hatua ya 9 B ikapinduka, A ikashuka kutoka 12.25 hadi 9.25. Hatua nane baadaye A ikapinduka, B ikashuka hadi 8.39. Hatua nane tena, B. Hatua nane tena, A. Zikawa zinapokezana bila kukosea, nami nilizifuatilia kurasa tano nikingoja zivurugike. Hazikuvurugika. Ishara moja tu, kujumlisha au kutoa, na kutoka kwenye gwaride unapata mazungumzo. Usiku ule nilichelewa kulala, na mwalimu wa zamu anaweza kushuhudia.

Likizo ya Aprili nilikwenda na daftari nyumbani. Sikuweza kumwonyesha ami geometriki progreshoni, maana angenifukuza. Nilimkuta ufuoni akitengeneza nyavu. Nikamwuliza, “Ami, ngalawa ikivuja, na mtu yumo ndani anakumba maji kwa kata, itazama?” Akasema haizami. “Basi imepona?” Akanitazama kwa muda, akarudi kwenye nyavu zake. Baadaye akasema, “Kwa hivyo wewe unaniambia vidonge ndivyo kata.” Nikasema ndivyo. Akanyamaza tena, kisha akauliza swali ambalo mimi sikulitarajia kwa mvuvi wala kwa msomi: “Na huyo anayekumba, atakumba mpaka lini?”

Daftari halikuwa na jibu. Tulikwenda kliniki sote wanne, mama, ami, mdogo wangu na mimi, na ami akauliza swali lilelile kwa maneno yaleyale ya ngalawa. Daktari hakumcheka. Alieleza kwamba mtoto akikaa takriban miaka miwili bila kuanguka, wao hukaa na wazazi kufikiria kama dawa inaweza kupunguzwa, na ikipunguzwa ni kidogo kidogo kwa miezi, si kwa siku moja. Wako ambao matundu yao hujiziba, akasema, na wako ambao hukumba maisha yao yote wakaolewa, wakazaa, wakafanya kazi. Nani ni nani, hawezi kuapa. Wakati wa kurudi, nauli ya matatu alilipa ami.

Mdogo wangu sasa yuko shule nyingine, ambako mwalimu wake wa darasa anajua la kufanya akianguka. Hajaanguka. Vidonge anajihesabia mwenyewe. Nilipomwonyesha kurasa za ndoo A na B aliniuliza yeye ni ipi kati ya hizo, nikamwambia yeye ni zote, pamoja na nyingine bilioni 86. Akasema hizo ni nyingi mno kuzifuata kwa penseli.

Kweli ni nyingi. Mnyoo mdogo wa udongoni aitwaye C. elegans, aina yake yenye jinsia zote mbili, ana nyuroni 302 tu, na ramani ya viungo vyake ilichapishwa mwaka wa 1986 baada ya miaka mingi ya kutazama vipande vyembamba kwa hadubini. Ramani ya ubongo mzima wa nzi wa matunda, wenye nyuroni 139,000 na zaidi, ilitoka mwaka wa 2024. Hata kwa mnyoo yule, kuwa na ramani hakujatosha kueleza kila anachokifanya, kwa kuwa ramani inaonyesha nani ameungana na nani, haionyeshi wanaambiana nini, kwa nguvu gani, na saa ngapi. Hapo ndipo wenye hadubini wanapowahitaji wenye penseli, na wenye penseli wanapohitaji kupimiwa.

Kwa upande wangu, wiki jana niliongeza ndoo ya tatu, C, ambayo kazi yake ni kutuliza tu. Hesabu imekuwa ndefu, nimefika hatua ya 60 na bado sijaona kama A na B zitaungana au zitapokezana. Walimu wangu wawili, yule wa Bayolojia na yule wa Hisabati, walisimama juu ya daftari hilo siku ya Alhamisi wakabishana mpaka kengele ya chakula cha mchana ikalia. Anayetaka kusaidia na anitafute maktaba baada ya prepu. Aje na kalkuleta yenye betri nzima, na kifutio.